Kitu cha Nguvu Mkononi mwa Mtu: Mwongozo Kamili wa Kumwandika Mhusika Anayebadilishwa na Anachokishika

Toleo la kwanza la riwaya The Hobbit lilitoka mwaka 1937, na pete aliyoiokota pangoni mhusika wake mkuu, hobiti (mtu wa kimo kifupi) aitwaye Bilbo, haikuwa na makuu: ukiivaa huonekani, basi. Gollum, kiumbe aliyekuwa nayo kabla, alikuwa tayari hata kuitoa iwe zawadi ya mshindi wa mashindano ya vitendawili, na alipoikosa akaomba radhi. Kisha J.R.R. Tolkien akaanza kuandika The Lord of the Rings. Pete ile ile ikamkulia hadi ikawa silaha ya kutawalia dunia, na tatizo likajitokeza lenyewe: kiumbe aliyetawaliwa na pete kwa takriban miaka mia tano angeitoaje kwa mpita njia? Ikabidi sura ile iandikwe upya. Toleo la 1951 likaja na Gollum mwingine kabisa, anayepiga kelele za mwizi na kuapa kumchukia Bilbo milele.

Ile simulizi ya kwanza haikutupwa. Tolkien aliigeuza kuwa uongo wa Bilbo mwenyewe. Hivyo ndivyo hobiti yule alivyowaeleza wenzake safarini, na ndivyo alivyoandika katika kumbukumbu zake, ili ionekane kwamba pete aliipata kwa haki.

Sijaona mahali pengine mwandishi alipogeuza kasoro ya kitabu kuwa nguzo ya kitabu kinachofuata kwa ustadi kama huo. Na humo ndimo ulimo ufundi wote tunaoutafuta. Bilbo ni mkweli siku zote. Dalili ya kwanza kwamba pete imeanza kumla ni kwamba anatoa maelezo ambayo hakuna aliyemwomba. Macho mekundu na sauti nzito, ambazo waandishi wengi hukimbilia, hazimo kabisa.

Msimamo wangu basi ni huu: mabadiliko ya mwenye kitu cha nguvu hukaa kwenye sababu anazojipa. Zipange sababu hizo vizuri na msomaji atamwona mtu akiharibika huku wewe hujasema popote kwamba anaharibika. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayeandika fantasia kwa Kiswahili, iwe riwaya kamili au hadithi ya kutuma sehemu moja moja kwenye WhatsApp na Facebook. Mfano mkuu utakuwa Pete ya Tolkien, kwa sababu tunaiona mikononi mwa watu wengi wenye tabia tofauti. Pembeni yake nitajenga mfano wa kubuni, jiwe dogo la mizani, tulikuze pamoja hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Amua kitu kinataka nini

Waandishi wengi huanza na orodha ya uwezo: upanga unakata chuma, kioo kinaonyesha yajayo, hirizi inazuia risasi. Orodha hiyo ni rahisi na inaweza kusubiri. Anza na swali la nia, maana jibu lake ndilo litakaloamua lawama inamwangukia nani.

Kuna vitu visivyo na nia yoyote. Katika Jamhuri ya Plato, kitabu cha pili, Glaucon, mmoja wa wazungumzaji, anasimulia kisa cha mchungaji wa Lydia aliyeshuka kwenye ufa uliofunguliwa na tetemeko la ardhi, akakuta maiti ndani ya farasi wa shaba, akaivua pete kidoleni. Akikizungushia kito chake upande wa kiganjani, haonekani. Muda si muda kashafika ikulu, kalala na mke wa mfalme, kamwua mfalme, kakalia kiti. Pete ile haikumnong'oneza kitu. Yote yalitoka kwake, na Glaucon alikisimulia kisa hicho ili kutetea hoja kwamba hakuna mtu angebaki mwadilifu kama angejua haonekani.

Kuna vitu vyenye njaa. Upanga Stormbringer wa Michael Moorcock, uliotokea kwa mara ya kwanza mwaka 1961, hunywa roho za unaowaua na kumpa mwenyewe nguvu. Hautaki utawala wala ufalme. Unataka kula, na hauchagui kati ya adui na mpenzi.

Halafu kuna kitu chenye nia kamili, kama Pete. Sauron, bwana wa giza aliyeitengeneza, alimwaga humo sehemu kubwa ya nguvu zake, na Pete inataka kurudi kwake. Ilimchoropoka Isildur, aliyeinyakua kwa Sauron, kidoleni akiogelea mtoni kukimbia maadui, akaonekana, akapigwa mishale.

Angalia tu mizani ya lawama. Kitu kikizidi kuwa na nia, mhusika anazidi kuwa mwathirika, na mwathirika mtupu hachoshi tu, hana hata uamuzi wa kusimulia. Kitu kikikosa nia kabisa, hadithi yako inakuwa ya mtu mbaya aliyepata nafasi. Tolkien alisimama katikati na akakataa kusema waziwazi wapi Pete inaishia na wapi udhaifu wa mtu unaanzia. Ukiweza kusimama hapo, simama hapo.

Jiwe letu litakuwa la aina ya kwanza, lisilo na nia. Ni jiwe la kupimia, la ukubwa wa kokwa la embe, na linapata joto mkononi mtu akisema uongo karibu nalo. Hakuna zaidi.

Hatua ya 2: Tafuta wema utakaokuwa mlango

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Mwandishi huona kwamba kitu cha nguvu lazima kiamshe ubaya uliojificha, basi anampa mhusika uchoyo kidogo sura ya kwanza ili uje kukua sura ya kumi. Msomaji anaubaini mchezo mapema.

Watazame wanaojaribiwa na Pete. Boromir, mpiganaji katika msafara wa kwenda kuiangamiza Pete, anapenda mji wake, ambao kwa miaka umekuwa ukizuia peke yake jeshi la Mordor, nchi ya Sauron, na anachotaka ni silaha ya kuulinda. Hakuwahi hata kuigusa Pete, lakini mapenzi hayo yalitosha kumfanya amrukie msituni Frodo, mrithi wa Bilbo na mbebaji wa Pete. Galadriel, mtawala mwenye hekima, anajiona akiwa malkia mzuri na wa kutisha anayependwa na wote. Samwise, au Sam, mtunza bustani wa Frodo, alipokuwa nayo kwa muda mfupi mpakani mwa Mordor, alijiona akiwa shujaa mwenye upanga wa moto na jangwa lote la Gorgoroth likigeuka kuwa bustani kwa amri yake. Kila mmoja anapewa kile kile anachokipenda, kikiwa kimekuzwa kupita kimo chake. Sam aliokoka kwa mapenzi kwa bwana wake na kwa akili ya kawaida iliyomwambia kwamba bustani moja ya kulima kwa mikono yake inamtosha.

Mzee Gandalf, mchawi na rafiki wa Bilbo, anaikataa Pete akieleza wazi kwamba ingemwingilia kupitia huruma, kupitia hamu ya kuwa na nguvu za kutenda mema. Katika barua ya 1963 Tolkien aliandika kwamba Gandalf akiimiliki Pete angekuwa mbaya kuliko Sauron, kwa kuwa angebaki mtu wa haki, ila haki yake ingekuwa ya kujiona. Isome sentensi hiyo mara mbili kabla hujamwandika mhusika wako mwema.

Kwa hiyo chukua karatasi, andika jambo moja jema ambalo mhusika wako angelifia. Huo ndio mlango. Mhusika wetu ni Salma, dalali wa karafuu katika mji wa bandari wa kubuni. Baba yake alidhulumiwa na madalali hadi akauza shamba, na Salma aliingia kazi hiyo ili wakulima wapate mtu mmoja wa kumwamini. Anachukia dhuluma. Tumeshampata.

Swali litakuja: je, anaweza kuwepo mtu asiyeguswa kabisa? Tolkien anaye mmoja, Tom Bombadil, aliyeivaa Pete na asipotee machoni, akaichezea kama kishada cha funguo. Walipojadili kumkabidhi ailinde, jibu likawa kwamba angeisahau au angeitupa. Mtu kama huyo ni mzuri kwa sura moja. Usimbebeshe hadithi.

Hatua ya 3: Liandike tukio la kukipata kana kwamba ni kesi

Namna kitu kilivyopatikana ndiyo sababu ya kwanza ambayo mwenyewe atajipa, na zote zinazofuata zitajengwa juu yake. Linganisha hawa wanne.

Isildur alimkata Sauron kidole kilichovaa Pete, akashauriwa aitupe motoni papo hapo, akakataa. Alisema ni fidia ya damu ya baba yake na ndugu yake. Ni madai yenye heshima ndani yake: nani amnyime yatima fidia?

Sméagol alikuwa akivua samaki na rafiki yake Déagol. Samaki mkubwa akamvuta Déagol majini, akaibuka na pete aliyoikuta kwenye tope la mto. Sméagol akamwomba ampe kwa kuwa ni siku yake ya kuzaliwa. Déagol akakataa, alishampa zawadi. Sméagol akamkaba koo hadi akafa. Karne kadhaa baadaye, akiwa ameshakuwa Gollum, bado anasisitiza kwamba ile ni zawadi yake ya kuzaliwa. Angeweza kuwa na sababu kubwa zaidi, ila alishikilia ile ya kitoto, na ndiyo maana inatisha.

Bilbo aliiokota gizani, kisha, akiwa haonekani na ana upanga, akamhurumia Gollum na kumwacha hai. Gandalf anaamini huruma hiyo ya mwanzo ndiyo iliyomfanya Bilbo adhurike kidogo baada ya kukaa nayo miaka sitini. Hata hivyo na yeye akaongeza uongo wa zawadi. Mwuaji na mtu mwema wametamka neno lile lile, na Gandalf anaposhtuka anashtushwa na ufanano huo.

Frodo aliirithi. Hakuwa na la kujieleza, na kwa miaka kumi na saba aliyokaa nayo nyumbani haikumletea kisa kikubwa.

Zoezi lenyewe: mwandikie mhusika wako maelezo mawili ya jinsi alivyokipata kitu, moja la siku ile ile, lingine analompa mgeni baada ya miaka mitano. Usibadilishe tukio, badilisha mkazo. Salma, siku ya kwanza: "Nimeliokota chini ya mizani ya zamani ya baba." Baada ya miaka mitano: "Baba aliniachia." Huenda ni kweli kwa namna fulani. Na ukiona umelazimika kufikiri kama jiwe lingepata joto au la, umeandika vizuri.

Hatua ya 4: Faida kwanza, tena faida ya kweli

Usiharakishe adhabu. Elric, mwenye Stormbringer, ni mfalme mgonjwa ambaye bila upanga huo huishi kwa madawa, akiushika anasimama. Bilbo aliwaokoa wenzake kutoka kwa buibui wakubwa kwa sababu ya pete. Msomaji lazima afike mahali aseme, hata mimi ningekichukua. Mpe mhusika ushindi wa wazi, mwingine baadaye, kisha mmoja ambao mtu mwingine ananufaika nao waziwazi. Salma anakamata mnunuzi aliyepunja mizani. Bei ya karafuu inanyooka. Wakulima wanatembea kutwa nzima wampelekee yeye. Ukianza kumwadhibu kabla ya hapo, umeandika onyo la wazazi.

Hatua ya 5: Anza na mkono, kisha ulimi, kisha jicho

Hapa kaa muda mrefu, maana hapa ndipo hadithi nyingi hufa. Mwandishi anataka mabadiliko ya moyo na anayaandika moja kwa moja: "moyo wake ulianza kuwa mgumu." Hakuna anayeona moyo. Nakushauri upande ngazi hizi tatu kwa mpangilio, na kila ngazi uipe matukio yake.

Mkono. Usiku wa sherehe yake ya kutimiza miaka 111, Bilbo ameshaamua kuondoka na kumwachia Frodo kila kitu, pete ikiwemo. Anamwambia Gandalf kwamba imo kwenye bahasha, juu ya rafu ya moto. Kisha anagundua kwamba, kumbe, imo mfukoni mwake. Hakukusudia, mkono ndio uliokusudia. Baadaye anapofikia kuiweka bahasha rafuni, mkono unarudi nyuma kwa ghafla na bahasha inaanguka sakafuni, na Gandalf ndiye anayeiinua. Hakuna tamko lolote la nguvu za giza katika tukio hilo. Kuna bahasha, mfuko, rafu na mkono usiotii.

Ulimi. Katika mabishano yale yale Bilbo anaanza kuiita pete kwa jina la mapenzi ambalo Gollum alilitumia. Gandalf anamwambia kwamba jina hilo limeshatumika, na si na yeye. Muda mfupi kabla ya hapo Bilbo ameropoka kwamba ni yake, yeye ndiye aliyeikuta, ilimjia yeye. Sikiliza mpangilio: kwanza anakubali kuitoa, kisha anauliza kwa nini asibaki nayo, kisha anamtuhumu rafiki yake kwamba anaitaka, kisha mkono unaenda kwenye upanga. Sababu nne ndani ya mazungumzo mafupi, kila moja ikisukumwa na iliyotangulia. Ukijifunza mpangilio huo peke yake, umeshapata faida ya mwongozo huu.

Jicho. Ngazi hii huja mwisho na ndiyo inayouma, kwa sababu mwenye kitu anaacha kuwaona watu wake walivyo. Huko Rivendell, makao yake ya uzeeni, Bilbo anaomba aione tena pete mara moja tu. Frodo anaitoa, na ghafla mbele yake anaona kiumbe kidogo kilichosinyaa, chenye uso wa njaa na mikono ya mifupa inayopapasa, akatamani kumpiga. Ni jamaa yake huyo, mtu anayempenda kuliko wote. Bilbo anausoma uso wa Frodo, anaelewa, na anaomba radhi. Ngazi zote tatu zimo katika ukurasa mmoja: mkono unaorudi nyuma, ulimi unaoomba radhi, jicho lililodanganywa.

Tujaribu na Salma. Mwaka wa kwanza:

"Gunia zima limekauka, mwanangu," mzee alisema, na jiwe likapata joto. Salma akazamisha mkono hadi chini ya gunia, akatoa karafuu mbichi kiganjani. "Hizi zirudi juani, babu. Ukizileta zimekauka, bei tutaongea."

Mwaka wa nne:

"Gunia zima limekauka, mwa—"

"Anayefuata," Salma alisema.

Hajawa mkatili. Yuko sahihi, mzee anadanganya kweli. Kilichopotea ni mkono uliokuwa ukizama guniani na ile "babu". Sasa upande wa jicho, nyumbani, usiku:

"Paukwa," bibi alisema.

"Pakawa."

"Hapo zamani za kale alikuwepo sungura mwenye shamba ng'ambo ya bahari..."

Jiwe mfukoni likaanza kupata joto. Bibi akaendelea, papa akaja, sungura akapanda mgongoni, na Salma akahisi paja likiungua.

"Bibi, nimechoka. Tulale."

Jiwe halina nia. Limefanya kazi yake ile ile. Ila Salma sasa anamwona bibi yake kama mmoja wa watu kwenye foleni. Unapotafuta gharama ya kitu chako, itafute hivi: kichukue kile kitu mhusika anachokipenda, ukiweke mbele ya uwezo ule ule unaompa ushindi kazini, uone kama kitapona.

Hatua ya 6: Masharti, na jinsi ya kuyavuka

Msomaji wa Kiswahili amekulia kwenye hadithi za masharti. Mtu anakwenda kwa mganga, anapewa utajiri, anaambiwa asilale kitandani, asile na mtu, chumba fulani kisifunguliwe, kila mwaka itoke kafara. Filamu zetu zimejaa hayo. Ni urithi mzuri na usiuache, lakini tambua unavyofanya kazi: balaa linakuja pale sharti linapovunjwa. Mhusika mwenyewe anaweza kubaki vile vile tangu mwanzo hadi mwisho, akawa tu mtu aliyesahau kufunga mlango.

Pete haina sharti. Frodo hakuvunja chochote. Alifanya yote aliyotakiwa, akafika hadi ukingo wa moto wa mlima Orodruin, mahali pekee pa kuiangamiza Pete, na hapo hapo akaidai kuwa yake. Hasemi kwamba ameshindwa. Anatangaza kwamba amechagua kutofanya kile alichokuja kufanya. Sababu ya mwisho ya mwenye kitu cha nguvu ni kwamba hahitaji tena sababu.

Njia ninayoipenda ni kuziunganisha mila hizo mbili. Weka sharti, mhusika alitii kwa uaminifu, kisha onyesha mtu anayetengenezwa na utii huo. Chukua lile la kutokula na mtu. Mwaka wa kwanza ni usumbufu. Mwaka wa tatu watoto wameshazoea baba kula chumbani. Mwaka wa saba anaalikwa harusini, anatoa udhuru, na anaona kwamba udhuru umekuja kwa urahisi mno. Mwaka wa kumi sharti linakwisha, anaruhusiwa, anakaa kwenye mkeka na watu wake na hajui aanze kuongea nini. Hakuna jini lililotokea. Ukiweza kuandika hiyo miaka kumi, achana na jini.

Hatua ya 7: Weka shahidi

Mwenye kitu hawezi kujieleza, kwa hiyo anahitajika mtu wa kumtazama. Kadiri Frodo anavyokaribia Mordor, ndivyo tunavyozidi kusimuliwa kupitia macho ya Sam: tunaona mkono wa Frodo ukienda shingoni kwenye mnyororo, hatuoni tena mawazo yake. Mwandishi amemfunga msomaji nje ya kichwa cha mbebaji, na kimya hicho kinasema mengi.

Kitu kikipokezanwa, una nafasi nyingine. Katika Harry Potter and the Deathly Hallows ya 2007, marafiki watatu wanavaa kidani kilichobeba kipande cha roho ya adui yao kwa zamu. Ron, ambaye tangu zamani anajiona wa pili kila mahali, ndiye anayeumia zaidi, na ndiye anayewaacha wenzake. Zamu ni zile zile, jeraha la zamani ndilo tofauti.

Na kitu kikisambazwa kwa maelfu? Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya 1969, ina jibu gumu. Maji aliyoyaleta Kinjeketile, yanayoaminiwa kugeuza risasi, yanamponyoka. Watu wanataka vita kabla hajaridhika, na imani inamzidi kimo mletaji wake. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa anajua kukiri kwake kungewafanyia nini wanaokuja nyuma. Anayeandika fantasia juu ya kitu cha nguvu kinachogawiwa umma aisome kabla hajagusa kalamu.

Hatua ya 8: Kuachia, na siku za baada ya hapo

Chagua mojawapo: mhusika anakiachia mwenyewe, ananyang'anywa, au kinaharibiwa naye bado anakitaka. Bilbo ni wa kwanza, ingawa kwa msaada wa rafiki mkali. Sam pia, aliyesita kidogo akajitolea kusaidia kuibeba, na Frodo akampokonya akimwita mwizi. Frodo ni wa tatu. Gollum ndiye anayemng'ata kidole na kuanguka na Pete motoni, na Gollum yuko hai kwa sababu Bilbo alimhurumia miaka mingi nyuma, na Frodo na Sam nao wakamhurumia njiani. Mwandishi aliyemchomoa mtu nje kwa bahati anadanganya. Mwandishi aliyeipanda bahati hiyo tangu kitabu cha awali amefanya kazi.

Kosa la kawaida hapa ni kudhani kitu kikiharibika, mtu anapona. Usikubali. Mwaka mmoja baada ya ushindi, tarehe 13 Machi, siku ileile aliyochomwa sumu na buibui Shelob, mkulima aliyekuwa akimhifadhi Frodo nyumbani kwake alimkuta kitandani, ameshika kito cheupe kilichoning'inia shingoni kwa mnyororo, akisema kimetoweka milele na sasa pote ni giza. Pete haipo, mnyororo upo, na mkono bado unakwenda pale pale. Tolkien aliipa hali hiyo kurasa na tarehe, na hatimaye akampandisha Frodo meli.

Salma naye. Tuseme jiwe limetumbukia bandarini. Mpe sura nzima ambamo mtu anamwambia jambo la kawaida, bei ya samaki, na yeye anasubiri joto ambalo haliji.

Hatua ya 9: Kusahihisha rasimu

Pitia rasimu na kalamu ya rangi, upigie mstari kila mahali mhusika anapotumia "kwa sababu", "lazima", "kwa faida yao", "mimi ndiye niliyekuta". Zinakili sentensi hizo peke yake kwenye karatasi moja, kwa mpangilio. Zikiwa zinafanana tangu mwanzo hadi mwisho, mhusika wako hajabadilika hata kama umemwotesha pembe. Kwa Salma orodha inaweza kwenda hivi: ili wasidhulumiwe, ili nisidhulumiwe nikiwatetea, kwa kuwa hakuna mwingine anayejua ukweli, nafanya yote haya kwa ajili yao. Anapoitamka hiyo ya mwisho jiwe linabaki baridi, kwa kuwa linapima uongo na Salma anaamini anachosema. Yeye anaichukua hiyo baridi kuwa ushahidi.

Futa "nguvu za giza" popote ilipo. Futa ndoto za kutabiri, isipokuwa moja kama huwezi kuishi bila hiyo. Angalia kama kuna tukio ambalo kitu kinamsaidia mtu mwingine kweli; kama halipo, rudi hatua ya nne.

Halafu mpe mtu karatasi ile ya sababu bila kumwambia hadithi inahusu nini. Akikubaliana na tatu za kwanza na akaanza kujikuna kichwa kwenye ya nne, mpangilio uko sawa. Akikataa ya kwanza, umemwandika mtu ambaye hakuhitaji jiwe ili aharibike. Akikubali zote, muulize ana kazi gani, na uongeze sura moja.